Askari Mjerumani au askari wa Mjerumani?



Ndugu msomaji, kwetu Kingerikiti, Wilaya ya Nyasa, Jimbo la Mbinga, ukoo wetu una jina la utani. Tunaitwa Wadachi. Hatukujipa wenyewe. Bibi yetu alipokuwa msichana mdogo watoto wenzake walimwita hivyo kwa sababu ya weupe wa ngozi yake, na jina likashuka kwa wanawe, likatufikia hata sisi wajukuu tuliozaliwa weusi tii. Ukienda mashineni kusaga unasikia, "Mdachi, habari za asubuhi?" Tumezoea. Bibi hajazoea mpaka leo, na umri wake umeshapita miaka 85.

Tunaandika haya kwa sababu miaka miwili iliyopita jina hilo la utani liligeuka kuwa biashara. Ndugu yetu mmoja alikutana mjini na wakala aliyemwambia kwamba mtu mwenye damu ya Kijerumani ana haki ya pasi ya Kijerumani, na kwamba yeye anajua njia. Kilichotakiwa ni ada. Ukoo ulikaa kikao. Zikachangwa fedha za magunia matatu ya kahawa. Wakala akaandika kwenye fomu yake: babu, askari Mjerumani. Akaondoka na ada yake, na simu yake haijapatikana tangu siku ile.

Tungeweza kuishia hapo, tukaonya watu juu ya matapeli, makala ikawa fupi. Lakini kilichotuumiza hakikuwa fedha peke yake. Kilichotuumiza ni kwamba katika kikao kile hakuna aliyemuuliza Bibi chochote. Alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka tulipokaa, akitupikia sisi tuliokuwa tukigawana damu ya babu yake.

Likizo iliyofuata tulikaa naye. Wanaomjua Bibi wanajua kwamba hawezi kuzungumza mikono ikiwa mitupu, hivyo tulipewa maharage ya kuchambua. Kwa utani wa bibi na mjukuu anatuita mume wake, na tangu tuingie seminari analalamika kwamba mapadre wamemnyang'anya mume. Tukamwomba atueleze habari za baba wa mama yake. Akasema, "Mama alikuwa akisema baba yake alikuwa askari wa Mjerumani."

Tukamwuliza: Bibi, askari Mjerumani, au askari wa Mjerumani?

Akatuangalia kama anayemwonea huruma mgonjwa. "Frateri mume wangu, huko mnafundishwa nini? Si nimesema wa Mjerumani? Kama walivyokuwapo askari wa Mwingereza baadaye. Mzungu sikumtaja. Waliomtaja ni ninyi."

Tulikuwa tumetoka kumaliza muhula wa somo la mantiki, tukapata alama nzuri, na hatukuwahi kufikiri kwamba silabi moja, "wa", inaweza kuwa na uzito wa magunia matatu ya kahawa.

Hebu tutazame historia kidogo. Jeshi la kikoloni la Wajerumani katika nchi hii, lililoitwa Schutztruppe, halikuwa jeshi la Wazungu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wazungu ndani yake hawakuzidi 300 kwa hesabu ya kawaida, na askari weusi walikuwa kama 2,500. Jeshi hilo lilianzia kwenye kikosi cha Hermann von Wissmann, aliyetumwa mwaka 1889 kupigana na Abushiri kule pwani. Wissmann hakuleta jeshi kutoka Berlin. Aliandikisha Wasudani mjini Cairo, mamia kadhaa, akaongeza Washangani kutoka Msumbiji, na waliofuata baadaye walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine wengi wa hapa hapa. Wasudani hao walizoea maisha ya boma, wakaoa, wakazaa, na wengi hawakurudi kwao. Basi mtoto aliyezaliwa mweupe kidogo, mwenye nywele laini, jirani na boma la Wajerumani, angeweza kupata sura ile kutoka Ujerumani, au kutoka kwenye mto Nile. Bibi anakumbuka nywele za mama yake zilikuwa laini. Hilo tu. Sisi wengine tuliona weupe tukaamua ni Ulaya, maana Ulaya ndiyo yenye pasi inayotafutwa.

Halafu lipo swali la vita yenyewe. Ukoo wetu ulizoea kusema "vita vya Mjerumani" kana kwamba vilikuwa vimoja. Waliokaa karibu na ziwa, upande wa Liuli, husimulia vita vya meli. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliivizia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa ufukweni hapo Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya lile jiwe lao la ajabu. Nahodha wa Kijerumani hakuwa amepata habari kwamba vita imeanza, na aliyempiga mizinga alikuwa mtu aliyemfahamu vizuri. Ni hadithi tamu, na ndugu zetu walipenda kumweka babu yetu ndani ya meli ile.

Lakini Bibi ana kalenda yake. Mama yake alimwambia kwamba alizaliwa upande wa Songea, msimu wa pili baada ya njaa kubwa, na kwamba Wajerumani walipopita kwa mara ya mwisho wakikimbizana na Waingereza, kabla tu ya ile homa iliyoua watu wengi, yeye alikuwa msichana wa kutumwa maji. Hapo mtu anaweza kuhesabu. Jenerali Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji mwishoni mwa Septemba 1918, akapita Ungoni kuelekea Ubena, na tarehe 25 Novemba 1918 alisalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, akiwa na Wazungu 155 na askari weusi zaidi ya 1,100. Homa ile ya dunia nzima ilikuja miezi hiyo hiyo. Msichana wa kutumwa maji mwaka 1918 hakuzaliwa 1914. Alizaliwa karibu mwaka 1907 au 1908. Na njaa kubwa kabla ya hapo upande wa Songea ni moja tu.

Ni njaa ya Maji Maji.

Tulipofika hapa katika hesabu, tuliacha kuchambua maharage.

Wasomaji wa gazeti hili wengi ni wa Ruvuma, hawahitaji kufundishwa Maji Maji. Lakini tuseme machache. Vita vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi. Agosti 14 mwaka ule Askofu Cassian Spiss, aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, aliuawa njiani upande wa Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Septemba misheni ya Peramiho ilichomwa. Na sisi katika seminari tunasali tukiwakumbuka mashahidi hao, jambo jema. Kilichofuata hakisaliwi sana. Wajerumani walipoona kwamba hawawezi kuwafuata watu kila porini, waligeukia chakula. Maghala yalichomwa, mazao yalichukuliwa au kuharibiwa, na njaa ikafanya kazi ambayo bunduki haikuimaliza. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea mjini, na Songea Mbano naye alinyongwa. Idadi ya waliokufa nchi nzima hukadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao kwa njaa.

Waliochoma maghala hayo kwa mikono yao, kwa sehemu kubwa, walikuwa askari weusi wakiamriwa na maofisa weupe. Na wanahistoria wameandika kwamba wanawake walitekwa katika vita vile wakagawiwa askari, na wengine walikwenda wenyewe kwenye maboma kwa sababu chakula kilikuwa huko na si kwingine.

Sasa tunamtazama mama wa mama yake Bibi. Msichana wa Songea, mwaka 1906 au 1907, nyumbani hakuna chakula, na katika boma yupo askari mwenye posho. Hatuwezi kujua yaliyompata. Tunajua tu kwamba katika kikao cha ukoo tulimzungumzia mwanamume yule kama mtu aliyetuachia urithi, na yule mwanamke hatukumtaja. Jina la utani la yule askari tulilijua wote, mpaka watoto. Jina la msichana hakuna aliyelijua isipokuwa Bibi, na hakuna aliyemwuliza.

Upande wa mama yetu mzazi sisi ni Wangoni. Kwa hiyo katika damu yetu yumo, labda, aliyechoma ghala, na yumo kwa hakika aliyelala njaa kwa sababu lilichomwa. Wapo rafiki zetu wanaotuambia hili ni jambo la kufikiri sana. Sisi tunaona ni jambo la kawaida mno katika Ruvuma, ila wengi hawajakaa kuhesabu miaka.

Kwa habari ya nyaraka tutapita haraka, maana anayetafuta anahitaji kujua mlango gani uko wazi. Hati za maofisa wa jeshi la Prussia ziliungua Potsdam Aprili 1945, mabomu yalipoangukia hifadhi ya jeshi. Za Bavaria zilisalimika Munich. Hati za wizara ya makoloni ziko Berlin, na mafaili ya utawala wa Kijerumani wa hapa yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Zote zinadai kitu kimoja kwa anayebisha hodi: jina. Jina la utani la Kiswahili alilopewa mtu jikoni halipo kwenye rejista ya Munich. Na kama alikuwa Msudani au Mnyamwezi, basi jina lake lina nafasi ndogo zaidi ya kuonekana, kwa kuwa askari mweusi aliandikwa kama namba ndani ya jumla.

Na pasi je? Hata kama Bibi angekuwa amekosea, na yule mtu akawa Mjerumani mweupe wa Munich, wakala bado alituuzia upepo. Sheria ya uraia ya Ujerumani ya mwaka 1913 ilimpa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa uraia wa mama, si wa baba. Marekebisho ya mwaka 2021 yamewafungulia mlango baadhi ya waliokosa haki kwa sababu hiyo, lakini yanawahusu waliozaliwa baada ya tarehe 23 Mei 1949 na uzao wao. Mama yake Bibi wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa.

Mtu atauliza kwa nini askari yule, kama alikuwa Mjerumani, asingefunga ndoa. Jibu ni kwamba asingeruhusiwa. Serikali ya kikoloni hapa ilizuia ndoa za Wazungu na Waafrika mwaka 1906. Jambo hili lilifika Bungeni Berlin, na Mei 1912 wabunge wengi walipiga kura kutaka ndoa za namna hiyo zitambuliwe kisheria. Walioungana kuipitisha ni Wasoshalisti pamoja na chama cha Wakatoliki, Zentrum, kwa kuwa kwa Mkatoliki ndoa ni sakramenti na serikali haina mamlaka ya kuangalia rangi mlangoni pa kanisa. Serikali haikutekeleza. Tunajivunia wabunge wale, ingawa tungependa kuona bidii kama hiyo kwa waliokuwa wakifa njaa miaka sita kabla.

Tulikwenda pia kwenye kitabu cha ubatizo. Mama yake Bibi alibatizwa miaka ya 1920, akijiandaa kwa ndoa iliyomleta huku Umatengo, wakati Wabenediktini Wajerumani wameshaondolewa nchini kwa sababu ya vita na kazi yao imeangukia mikono mingine. Kitabu kipo. Tuliruhusiwa kukitazama mbele ya paroko, na mikono yetu ilitetemeka kidogo, hatuoni haya kusema. Karatasi zimeanza kuwa za kahawia, na pembe moja imeliwa na mchwa. Jina lake lipo, la msimamizi lipo. Mahali pa baba pameandikwa maneno mawili ya Kilatini: patre ignoto. Baba hajulikani.

Ndugu yetu mmoja alikasirika. Alisema mapadre walificha. Sisi hatudhani hivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilikataza kuandika jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa isipokuwa mwenyewe amekiri au ushahidi wa hadhara upo, na sheria tuliyo nayo leo, kanuni ya 877, inasema karibu hivyo hivyo: jina la baba huandikwa ikiwa kuna hati ya serikali, au baba mwenyewe ametamka mbele ya paroko na mashahidi wawili. (Somo la sheria za Kanisa tutalikuta teolojia, hapa tumesaidiwa na walezi wetu.) Yule aliyeandika hakuandika kwamba hakuna baba. Aliandika kwamba yeye, padre, hana uhakika, na akaacha pengo kuliko kujaza uvumi. Tungekuwa na wakala mwenye dhamiri ya kiasi hicho, kahawa yetu ingekuwepo.

Ila kitabu kile kinaliwa na mchwa, na hili ni neno letu kwa wasomaji walio katika parokia. Kanuni ya 535 inaamuru vitabu vya zamani vya parokia vitunzwe kwa uangalifu. Kwa watu wengi wa Ruvuma waliozaliwa kabla ya 1940, kitabu cha ubatizo ndiyo hati ya kwanza iliyowahi kuandika kwamba wapo, na pengine hadi leo hakuna hati ya pili. Tunachangia bati, tunachangia kinanda, tunachangia gari la paroko, na ni sawa. Sanduku la chuma na kijana mwenye kamera nzuri ya kupiga picha kurasa zote ni gharama ndogo kuliko vyote hivyo. Sisi mafrateri tunaotumwa parokiani wakati wa likizo tunaweza kuifanya kazi hiyo, badala ya kusubiri kuombwa tufundishe kwaya wimbo mpya. Lakini vitabu visigeuzwe duka. Mle ndani mna siri za watu waliokufa na majeraha ya walio hai, na paroko anayemkatalia mtu mwenye haraka na fedha mkononi anafanya kazi yake.

Kuna kipimo cha damu, DNA. Ndugu yetu yule yule anataka tununue, na safari hii tuna mashaka kuliko upinzani. Teknolojia hiyo imefanya mambo makubwa. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Prussia mjini Berlin ilitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni; 197 yalitoka Tanzania, na moja, lililoandikwa neno Akida, lilipatana kwa damu na ukoo ulio hai Kilimanjaro, uzao wa mshauri wa Mangi Meli. Hapo watu walimtafuta mtu wao ili wamzike. Sisi kipimo kingetuambia nini? Yule askari ni mmoja kati ya wahenga 16 wa kizazi kile katika kila mmoja wetu wajukuu. Sehemu yake ndani yetu ni kama asilimia 6. Kingeweza kutuambia Ulaya, au kaskazini ya Sudan, au Unyanyembe. Jina kisingetupa. Na wale wahenga wengine 15, waliolima ngoro katika miteremko hii, wakalipa kodi, wakabeba mizigo ya majeshi mawili, hakuna aliyependekeza tuwatafute kwa ada.

Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, katika makumbusho ya Maji Maji, akakutana na uzao wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Familia ile bado inatafuta fuvu la babu yao. Siku ile tulifuatilia habari kwenye simu, tukakumbuka jinsi tunavyoitwa kijijini, na hatukujua tujihesabu upande gani wa ukumbi. Mwenzetu mmoja wa darasa alisema tujihesabu pande zote mbili. Tulimwambia ni rahisi kwake kusema.

Kila tarehe 17 Desemba, katika Misa, inasomwa nasaba ya Bwana wetu kwa Mathayo. Mapadre wengi huipitia mbio, na waamini husinzia kuanzia Abrahamu hadi Daudi. Lakini Mathayo ameweka mle Tamari, Rahabu na Ruthu, na mke wa Uria ambaye hata jina lake hakulitaja, ila kosa la mfalme amelitaja wazi. Wanawake wageni, na wenye habari ambazo ukoo wenye haya ungezifuta. Mwinjili hakufuta, na hakumpa mtu ukoo wa kizungu ili apendeze. Aliyaacha kwenye orodha, yasomwe kanisani.

Tumemwambia Bibi kwamba ukoo umekubali, baada ya kikao kirefu na maneno mengine yasiyofaa kuandikwa hapa, kwamba pale ambapo daftari letu la ukoo linasema "askari Mjerumani" pasahihishwe paandikwe "askari wa Mjerumani, kama alivyosimulia Bibi, baba hajulikani." Akauliza kama na jina la bibi yake litaandikwa. Tukasema ndiyo, na kwamba ndilo litakalotangulia. Akalitaja polepole mara mbili, tukaliandika, akataka tumsomee tulivyoandika. Tulikuwa tumekosea herufi moja. Akatusahihisha, kisha akatuma mtoto alete maharage mengine.